Prof. Bwayo na siri ya kinga iliyofichika Majengo

UKITOKA Shauri Moyo kwenda Majengo, Pumwani, huhitaji nauli. Mitaa hii ya Eastlands jijini Nairobi ni majirani wa tangu jadi. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa mjini wakusanywe mahali pamoja. Shauri Moyo nayo ikajengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea waliobomolewa nyumba zao katika kijiji cha Pangani. Ni mitaa ya wachuuzi, mafundi wa jua kali na vibarua. Kwa miongo mingi Majengo pia imekuwa na wanawake waliokodi vyumba vidogo na kujipatia riziki kwa kuuza ngono.

Ni katika ujirani huo ambapo wanasayansi walikutana na fumbo lililowasumbua vichwa kwa muda mrefu: mbona baadhi ya wanawake hao waliendelea kukutana na virusi vya Ukimwi mwaka baada ya mwaka bila kuambukizwa? Miongoni mwa Wakenya waliotumia maisha yao ya usomi kulitafutia fumbo hilo jibu, na kutaka kuligeuza jibu lenyewe kuwa chanjo, ni marehemu Prof. Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliuawa kwa risasi na majambazi Jumapili, Februari 4, 2007.

Bwayo alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili, na aliwahi kuiongoza idara ya mikrobiolojia ya tiba katika chuo hicho. Wasomaji wengi wa magazeti walimfahamu kwa jambo moja tu, nalo ni jaribio la kwanza la chanjo ya Ukimwi nchini Kenya. Lakini umaarufu wake miongoni mwa wanasayansi wenzake ulianza kitambo kabla ya chanjo hiyo, na haukuanzia maabara. Ulianzia kwenye mizani ya malori.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wakishuku kwamba Ukimwi ulikuwa ukisafiri kwa barabara kuu inayotoka bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi, kisha ikavuka mpaka hadi Uganda, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Shaka ilihitaji ushahidi, na ushahidi ulihitaji damu ya madereva. Tatizo ni kwamba dereva wa trela hana makao. Leo analala Voi, kesho Malaba.

Bwayo na wenzake waliamua kuwangoja mahali ambapo kila lori lilipaswa kusimama. Kliniki ya utafiti ikafunguliwa Athi River, katika kituo cha kupimia uzito wa magari, na madereva na utingo wao wakatibiwa magonjwa ya zinaa, wakaulizwa maswali na kupimwa damu kwa hiari. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la madaktari wa kanda hii, East African Medical Journal. Ripoti kubwa zaidi ilitoka Marekani mwaka 1994 katika Archives of Internal Medicine. Kati ya wanaume 970 waliopimwa, takriban 27 katika kila 100 walikuwa na virusi.

Jina la kwanza katika ripoti hiyo lilikuwa la Bwayo. Hili si jambo dogo. Katika desturi ya majarida ya sayansi ya tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika, na la mwisho ni la kiongozi wa mradi. Majina ya katikati ni ya wengine wote, kuanzia daktari aliyewatibu wagonjwa hadi mtaalamu wa hesabu. Kisha sifa ya ripoti hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi watafiti wengine wameirejelea katika kazi zao za baadaye. Msomi hupandishwa cheo kwa hesabu hiyo, hupewa fedha kwa hesabu hiyo, na vyuo vikuu hujipiga kifua kwa hesabu hiyo hiyo.

Kwa kipimo hiki Bwayo alikuwa tajiri. Hata hivyo, katika kazi zake zilizorejelewa zaidi, jina lake aghalabu limo katikati ya orodha ndefu, baada ya la mtafiti wa Canada, Uingereza au Ubelgiji. Kipimo hicho hakisemi ni nani aliyewashawishi wanawake wa Majengo kurudi kliniki mwaka hadi mwaka. Hakimtaji dereva, wala mwanamke aliyenyoosha mkono achomwe sindano.

Utafiti wa Majengo ulikuwa umekwisha kuanza Bwayo alipojitosa humo. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Canada, ulizaliwa mwaka 1980, na nia yake ya awali ilikuwa magonjwa ya zinaa ya kawaida, hasa vidonda vya sehemu za siri. Mwaka 1985 damu ya wanawake waliouza ngono jijini ilipopimwa virusi vya Ukimwi, matokeo yaliwashtua watafiti wenyewe. Ripoti iliyotoka mwaka uliofuata katika New England Journal of Medicine ilionyesha kwamba thuluthi mbili ya wale wa kipato cha chini walikuwa wameambukizwa. Miongoni mwa wahudumu wa afya waliopimwa ili kulinganisha, walioambukizwa walikuwa wawili katika kila 100.

Kundi la utafiti likaundwa Pumwani. Mwuguzi na mwalimu wa afya Elizabeth Ngugi, aliyefariki mwaka 2015, aliwakusanya wanawake hao katika mabaraza ya mtaani, wakachagua viongozi wao na kukubaliana kudai kondomu kwa wateja. Mwaka 1991 watafiti walikadiria kwamba mpango huo uliohusu wanawake wapatao 500 ulikuwa ukizuia maambukizi mapya kati ya 6,000 na 10,000 kila mwaka. Ikumbukwe kwamba wakati huo serikali na makanisa vilikuwa vingali vikivutana kuhusu kulitamka neno kondomu hadharani.

Kadiri miaka ilivyopita ndivyo jambo la ajabu lilivyojitokeza. Wanawake wengi waliojiunga na kundi hilo wakiwa hawana virusi waliambukizwa, wengi wao upesi. Lakini kulikuwa na wachache ambao majibu yao yalirudi yale yale kila walipopimwa. Mwanzoni ingeweza kudhaniwa ni bahati, au kwamba walikuwa na wateja wachache, au kwamba walitumia kondomu zaidi ya wenzao. Hesabu zilikataa maelezo hayo yote.

Mwaka 1996 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha ripoti iliyothibitisha jambo hilo, na Bwayo akiwa mmoja wa waandishi wake. Wanawake 424 walikuwa wamejiunga bila virusi kati ya 1985 na 1994, na 239 kati yao wakaambukizwa. Kwa waliobaki salama kwa miaka kadhaa, hatari ya kuambukizwa ilipungua kadiri walivyozidi kukaa katika kazi hiyo, kinyume na vile ambavyo mtu angetarajia. Ripoti hiyo imerejelewa mamia ya nyakati tangu hapo, na ni vigumu kusoma kitabu chochote kizito kuhusu kinga dhidi ya Ukimwi kisichowataja wanawake wa Pumwani, ingawa bila majina yao.

Swali lililofuata lilikuwa la fani yake Bwayo hasa. Mwili hujilinda kwa njia kadhaa. Iliyozoeleka ni ya kutengeneza kingamwili, yaani chembe za protini zinazoelea kwenye damu na kumnasa adui kabla hajaingia ndani ya chembehai. Vipimo vya kawaida vya Ukimwi hutafuta kingamwili hizo. Njia ya pili hutegemea chembe nyeupe za damu za aina ya CD8, ambazo kazi yake ni kukagua chembehai za mwili moja baada ya nyingine na kuiua ile ambayo imekwisha kuvamiwa. Ni tofauti kati ya mlinzi wa langoni na yule anayepita chumba kwa chumba usiku.

Watafiti wa Nairobi, Manitoba na Oxford walizipata chembe za CD8 zinazovitambua virusi vya Ukimwi katika baadhi ya wanawake hao wasioambukizwa. Maana yake ilikuwa nzito. Miili yao ilikuwa imekutana na virusi, ikavitambua, ikavifukuza kabla havijajenga makao. Matokeo yalitolewa mwaka 1998 katika Journal of Clinical Investigation, na miaka miwili baadaye ripoti nyingine ilionyesha kwamba chembe hizo zilikuwapo hata kwenye mlango wa kizazi, pale hasa ambapo vita huanza. Jina la Bwayo lilikuwa katika kazi ya mwaka 1998.

Kama maumbile yanaweza kuwafunza wanawake wachache wa Majengo kuviua virusi, kwa nini sindano isiwafunze watu wengine wote? Hilo ndilo lililokuwa tumaini. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la chanjo ya Ukimwi, IAVI, lilikubali kufadhili ushirikiano wa Oxford na Nairobi, na huko Nairobi ukazaliwa mradi wa KAVI chini ya uongozi wa Bwayo, katika majengo ya chuo yanayopakana na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mwaka uliofuata Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Chanjo yenyewe ilibuniwa Oxford na Tomáš Hanke na Andrew McMichael. Iliundwa kufuata virusi vya aina A vinavyoenea zaidi Kenya na majirani zake, tofauti na chanjo nyingi za wakati huo zilizofuata aina ya Ulaya na Marekani. Ilitolewa kwa awamu mbili. Kwanza mtu alidungwa vipande vya DNA vilivyobeba maelezo ya sehemu chache za virusi, kisha akaongezewa nguvu kwa virusi dhaifu vya jamii ya ndui vilivyobeba maelezo hayo hayo. Hakuna sehemu yake ambayo ingeweza kumwambukiza mtu Ukimwi, jambo ambalo Bwayo na wenzake walilazimika kulieleza tena na tena.

Lakini kabla ya sindano ya kwanza kudungwa Kenya, ugomvi ulizuka. Mwaka 2000 ilibainika kwamba upande wa Uingereza ulikuwa umeomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, bila kuwajumuisha wanasayansi wa Nairobi. Hoja ya Waingereza ilikuwa kwamba chanjo ilibuniwa katika maabara yao. Hoja ya Wakenya ilikuwa kwamba bila damu ya Majengo na miaka 15 ya kazi ya Nairobi, kusingekuwa na wazo la kubunia chochote. Zogo hilo lilifika serikalini na katika majarida ya kigeni.

Mtu aliyekuwa katikati ya kabari hiyo alikuwa Bwayo. Kujitoa kungeua jaribio, na kunyamaza kungemfanya aonekane kibaraka nyumbani kwake. Hatimaye pande hizo ziliketi na kuirekebisha mikataba ili Nairobi nayo iwe na fungu katika haki hizo, na mradi ukaendelea. Ukiutazama ugomvi huo leo, baada ya nchi nyingi za Afrika kutunga kanuni kali kuhusu sampuli zinazovuka mipaka, ni dhahiri kwamba Wakenya hawakuwa wakigombania cheo. Walikuwa wakiuliza swali ambalo lingeulizwa kwingine kote. Linalokera ni kwamba hata katika makubaliano hayo mapya, wanawake wenye damu yenyewe hawakuwa na kiti mezani.

Mwaka 2001 Wakenya wa kwanza walidungwa. Uganda ndiyo iliyokuwa imetangulia barani Afrika kwa jaribio la chanjo nyingine mwaka 1999. Waliojitolea Nairobi walikuwa watu wazima wenye afya njema na wasio na virusi. Mradi ulifungua pia kituo Kangemi, magharibi mwa jiji, na kazi kubwa ya wahudumu wake ilikuwa ni kuzungumza na wazee wa mitaa, viongozi wa dini na vijana walioamini kwamba kujitolea ni kujitakia kifo.

Katika mwaka huo huo habari mbaya ilitoka Majengo. Baadhi ya wanawake walioaminiwa kuwa na kinga walikuwa wameambukizwa, ilhali walikuwa na zile chembe za CD8. Watafiti, Bwayo akiwemo, walipochunguza walikuta kwamba mabadiliko hayo yalihusiana na kupumzika kazi. Mwanamke alirudi kwao kijijini kwa muda, au aliacha wateja, na aliporejea kinga yake ilikuwa imefifia. Ilielekea kwamba mwili ulihitaji kukumbushwa adui wake mara kwa mara.

Huo ulikuwa mtihani kwa sayansi na kwa dhamiri pia. Hakuna daktari angethubutu kumshauri mwanamke aendelee kukutana na virusi ili abaki salama. Ushauri uliobaki ni ule ule wa Ngugi, kondomu kila mara. Kwa watengenezaji wa chanjo, onyo lilikuwa wazi kwamba kinga ya aina hiyo huenda isidumu.

Mwaka 2004 haukuwa mwema zaidi. Ripoti katika jarida la JAMA, ambayo Bwayo alishiriki, ilieleza jaribio lililohusu wanawake 466 waliouza ngono Nairobi. Nusu walipewa dawa ya azithromycin kila mwezi na wengine vidonge visivyo na dawa, ili kuona kama kuzuia magonjwa ya zinaa kungezuia Ukimwi. Magonjwa ya zinaa yalipungua, lakini Ukimwi haukupungua kwa waliomeza dawa kuliko kwa wenzao. Mwaka huo huo IAVI ilitangaza kwamba chanjo ya Oxford na Nairobi ilikuwa salama, lakini iliamsha kinga kwa sehemu ndogo tu ya waliochanjwa. Mradi wa chanjo hiyo ukasimamishwa.

Wapo waliosema wakati huo kwamba fedha na miaka ilikuwa imepotea bure. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Jaribio linalotoa jibu la wazi limefanya kazi yake, hata kama jibu ni hapana, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kupoteza maisha ya watu kujaribu chanjo dhaifu kwa maelfu. Isitoshe, Nairobi sasa ilikuwa na maabara zilizokidhi viwango vya kimataifa, wauguzi waliofahamu taratibu za majaribio, na kundi la vijana wa Kenya walioweza kuongoza utafiti. Bwayo aliwaelekeza moja kwa moja kwenye jaribio lililofuata, ambalo Nairobi ilishirikiana na Kigali.

Hakulimaliza. Siku hiyo ya Februari mwaka 2007 alikuwa ndani ya gari na mkewe na watu wengine, nje kidogo ya jiji, walipovamiwa na wezi wa magari. Profesa aliuawa na mkewe akajeruhiwa vibaya. Uhalifu wa aina hiyo ulikuwa umekithiri Nairobi katika majuma hayo. Januari, wanawake wawili raia wa Marekani walikuwa wameuawa vivyo hivyo. Habari za Bwayo zilienea hadi katika maabara za Oxford, Winnipeg na Seattle.

Majuma yasiyotimia matatu baadaye, Lancet ilichapisha matokeo ya majaribio mawili, moja la Kisumu na jingine la Rakai, Uganda, yaliyothibitisha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Wenye kumbukumbu nzuri walikumbuka ripoti ya mwaka 1999 kuhusu wafanyakazi 746 wa kampuni za uchukuzi wa malori mjini Mombasa. Huko wasiotahiriwa walikuwa wameonekana kuwa na hatari ya Ukimwi mara nne ya wenzao. Bwayo alikuwa miongoni mwa waandishi wake, jina la saba kati ya tisa. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha tohara kama njia mojawapo ya kinga, na mwaka 2008 Kenya ikaanza kuitoa bila malipo, hasa Nyanza.

Chanjo bado haijapatikana. Ile ya Thailand iliyotangazwa mwaka 2009 ilikinga kwa asilimia 31 tu, na majaribio makubwa yaliyofuata barani Afrika na Amerika yalifungwa bila mafanikio, la mwisho mwaka 2023. KAVI ilipita mikononi mwa Prof. Omu Anzala, ikawa taasisi kamili ya chuo, na baada ya mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 Afrika Magharibi, ikajaribu pia chanjo ya maradhi hayo jijini Nairobi.

Ripoti ya chanjo iliyomshughulisha Bwayo, ile ya Oxford na Nairobi, ilichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Vaccine. Ile ya Nairobi na Kigali ilitoka mwaka 2010 katika PLoS ONE, na ya Ebola mwaka 2019. Mbili za kwanza zinaanza na jina la Walter Jaoko na ya tatu la Gaudensia Mutua, wote wawili wa KAVI.